Mkono wa Ungo

Mchele ulimwagika. Haukumwagika wote, lakini ulitosha kuwashusha njiwa kutoka kwenye paa la duka la jirani na kuwafanya wapagazi waliokuwa wamekalia mikokoteni yao wageuke.

"We Mboni!" Bi Mwanamkuu aliinua macho kutoka kwenye ungo wake. "Unapepeta, au umekamata mwizi?"

Mboni aliinama, akaukusanya mchele kwa viganja, akapuliza vumbi, akaurudisha. Alikuwa akipepeta kwenye kibaraza hiki cha duka la nafaka, hapa Kariakoo, tangu mimba ya mwanawe Swaumu haijaonekana, na hakuwahi kumwaga hata konzi moja. Wenye hoteli za Msimbazi walikuwa wakija na kusema, nipe ule wa yule binti wa Mtwara, ule usiovunja meno ya wateja.

Akarusha tena. Mchele ulipanda upande mmoja, ukashuka umeinama. Chuya zilibaki zimeng'ang'ania katikati ya punje nzima, kama hazijasikia chochote.

"Lete huo mkono," Bi Mwanamkuu alisema.

"Uko sawa, bibi."

"Sijasema unaumwa. Nimesema lete." Akaushika mkono wa kulia wa Mboni, akaugeuza juu chini kama anayechagua nyanya. "Umekakamaa. Tazama vidole hivi. Ungo haushikwi hivi. Hivi anashikwa mume anayetaka kutoroka. Nani kakufundisha kukaba?"

Wapagazi wakaangua kicheko. Mboni naye akacheka. Halafu kicheko chake kikaishia njiani, kwa sababu swali lile lilikuwa na jibu.

Beno alikuwa fundi saa. Kibanda chake cha vioo kilikuwa mtaa wa pili, na siku ya kwanza kufika pale kibarazani alikuwa amekimbia mvua. Alisimama akiitazama mikono ya Mboni muda mrefu mpaka Bi Mwanamkuu akamuuliza kama amekuja kununua mchele au amekuja kuposa.

"Mkono huo, mama," Beno alisema, "ukishika fimbo ya snuka, watu watakoma."

Mboni hakujua snuka ni nini. Alikwenda naye ukumbini kwa sababu mvua ilikuwa haijakatika na kwa sababu ilikuwa zamani tangu mtu amwambie kitu kizuri kuhusu chochote chake. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa Bushiri, ghorofani huko Mchafukoge, juu ya duka la mabomba. Meza moja tu ya kusukumia mipira mashimoni kwa fimbo, kubwa kama chumba cha kupanga, kitambaa chake cha kijani kimepauka karibu na mashimo. Bushiri aliuza kahawa na kashata. Pombe hakuna, alipenda kusema, matusi kidogo.

Beno alimwekea fimbo mkononi akamwambia asiishike.

"Sasa nisiposhika si itaanguka?"

"Ibebe. Kama unampeleka mtoto shule. Humkabi mkono, wala humwachii. Akitaka kutangulia kidogo, unamfuata." Akamgusa kifundo cha mkono kwa ncha ya kidole. "Hapa pawe kama pamesinzia. Fimbo ikirudi nyuma, vidole vya mwisho vifunguke. Ikienda mbele, vitajifunga vyenyewe. Usivisaidie."

Mboni alicheka siku ile, akacheka mpaka Bushiri akatoka kuangalia kuna nini. Alichokuwa anaambiwa ni kupepeta. Ungo haushikwi, unasindikizwa tu. Mchele ndio unaofanya kazi.

Basi ikawa kila akimaliza nyungo zake alasiri, anamfunga Swaumu mgongoni na kupanda ngazi za Bushiri. Mama akiinama mezani, mtoto anachukuliwa na Beno. Swaumu alijifunza kutembea kwa kushika miguu ya ile meza. Neno lake la kwanza lilikuwa "nyonyo", na la pili lilikuwa "Bebo". Baba yake alikuwa machimboni Tunduru, na simu zake zilikuja kwa msimu, kama korosho. Beno alikuwapo kila siku. Swaumu alipopata homa, Beno ndiye aliyefunga kibanda akawasindikiza zahanati, akakaa nao kwenye benchi akimchezea mtoto kwa saa mbovu inayolia kama chiriku. Alimwita Mboni mdogo wangu, na Mboni, ambaye hakuwa na kaka, alilipokea jina lile akaliweka mahali pazuri.

Kabla tu ya mfungo, Mboni alimshinda Beno. Hakukusudia. Mpira mweusi, wa mwisho, ulizama shimoni na watu wakapiga kelele, ndipo akajua. Wiki hiyohiyo Bushiri akaleta habari: klabu moja ya zamani kule Mtwara ilikuwa inafufua mashindano ya snuka, kila ukumbi upeleke watu watano. Wanne walijulikana. Nafasi ya tano ilikuwa ya Beno miaka yote, lakini sasa Bushiri alijikuna kidevu.

"Mfungo ukiisha, Beno na Mboni watacheza gemu moja. Atakayeshinda ndiye wa tano. Haki itendeke."

Beno alipiga makofi kuliko wote. "Nitamwandaa mwenyewe," alisema. "Akinishinda, nitajua nimefundisha."

Mtwara! Mama yake Mboni alikuwa Mikindani, mwendo mfupi tu kutoka mjini kule, na kwenye simu aliuita mchezo ule kuinama mbele ya wanaume. Mboni hakuwa na hamu ya kombe. Alitaka mama yake avae kanga zake za Idi, akae kwenye kiti cha mbele, aone jina la ukoo wao limeandikwa kwenye mgongo wa jezi. Alitaka aone mkono alioufundisha yeye mwenyewe, uani, kwa ungo mdogo wa mtoto, unaweza kufanya nini.

Na kuanzia siku iliyofuata, somo likabadilika.

"Ile ilikuwa chekechea," Beno alimwambia. "Sasa tuingie darasani. Kaza. Funga kiganja chote. Kifundo kiwe chuma. Huko tunakokwenda kuna watu wa shoka, ukilegea wanakumaliza."

Mboni akakaza. Akaanza kukosa. Mipira aliyokuwa akiipeleka shimoni kama anayetuma mtoto dukani sasa iligonga kingo na kurudi katikati ya meza kumtazama. Alisema ni meno ya Swaumu, hayamwachi kulala. Alisema ni joto. Nyumbani, akisonga ugali, aliukaza mwiko ili mkono uzoee. Kila alipokosa, Beno alimpiga bega kwa upole: "Hujakaza vya kutosha, mdogo wangu." Naye akakaza zaidi.

Sasa mkono ulikuwa umezoea. Umezoea mpaka umesahau ungo.

"Bibi," alisema, akiendelea kutazama vidole vyake. "Mtu anaweza kukufundisha kitu vizuri, halafu akakufundisha tena vibaya?"

Bi Mwanamkuu alitupa chuya chini. "Kwa bahati mbaya, au?"

"Ndiyo nauliza."

"Mimi napepeta mchele, mwanangu, sipepeti watu. Ila keshokutwa ndiyo siku yenu ya kugombea, si ndiyo? Basi nenda kamtazame akiwa hajui unamtazama."

Ngazi za Bushiri zilikuwa na kona katikati, na alasiri ileile, pale konani, Mboni alisimama kumpandisha Swaumu vizuri mgongoni. Ndipo aliposikia.

"Usiikabe. Legeza." Sauti ya Beno, ile ya zamani, iliyojaa subira. "Ibebe tu. Kama unampeleka mtoto shule."

Aliingia taratibu. Aliyekuwa ameinama mezani alikuwa Shadya, msichana wa duka la vipodozi la pale chini, aliyeanza kuja baada ya Idi. Beno alikuwa nyuma yake, kidole kimoja juu ya kifundo cha mkono wake. Shadya akapiga. Mpira mweupe ukaenda bila haraka, ukagusa nyekundu, nyekundu ikadondoka shimoni kana kwamba ndiko ilikokuwa inaelekea siku zote.

"Umeona?" Beno alisema, akainua uso. Akamwona Mboni. Uso haukubadilika, kidole tu ndicho kilichoondoka pale kilipokuwa. "Aa, Mama Swaumu! Karibu, karibu. Bebo amekumiss wewe?" Alikuwa anasema na mtoto. Swaumu alishanyoosha mikono miwili.

"Mambo, dada?" Shadya alisema.

"Poa." Mboni alifungua mbeleko, akampa Beno mtoto. Mikono yake ilifanya hivyo yenyewe, kwa mazoea. "Kaka Beno, yeye umemwambia alegeze."

"Enhe."

"Mimi uliniambia nikaze."

Beno alicheka kidogo, akimrusharusha Swaumu. "Mikono haifanani, mdogo wangu. Huyu mkono wake mwepesi, wa kupaka watu wanja. Wako wa kazi, una nguvu nyingi, lazima uzifunge. Saa kubwa na saa ndogo hazifungwi skurubu sawa."

Ilikuwa sentensi nzuri. Mboni aliiona ikimjia na akatamani sana kuikubali. Alikuwa tayari ameshaifungulia mlango. Labda kweli. Labda kuna mikono na mikono.

Kutoka chini Bushiri akaita kwamba kuna mteja anaitaka saa yake. Beno akashuka na mtoto begani kwenda kibandani kwake, na Swaumu akawapungia wote wawili kama anayesafiri.

Shadya alipaka chaki ncha ya fimbo, akiizungusha polepole. "Dada Mboni, nikuulize? Ulikuwa unachezaje zamani?"

"Zamani gani?"

"Kabla ya mfungo. Maana mwalimu kila siku ananiambia, cheza kama Mboni wa kabla ya mfungo. Anasema hajawahi kuona kifundo kama kile Bongo nzima. Anasema," Shadya alicheka kwa aibu, "anasema nikikipata hata nusu, nisimruhusu mtu yeyote akiguse."

Gari la kubeba mabomba lilikuwa linapiga honi chini, likijaribu kurudi nyuma uchochoroni. Mboni alisikiliza honi ile mpaka ikaisha.

"Dada? Nimesema vibaya?"

"Hapana," Mboni alisema. "Umesema vizuri."

Hakulia kwenye ngazi. Alimchukua mtoto pale kibandani, akaaga, akaitikia "Jumamosi basi!" kwa sauti iliyotoka sawasawa. Alilia nyumbani, akiwa anakuna nazi. Mbuzi ile ya kukunia ilikuwa ndefu na nazi ilikuwa ngumu, na mtu akikuna nazi kwa nguvu hakuna anayemuuliza machozi ni ya nini. Kilichomuuma hakikuwa mchezo. Angekuwa ameshindwa tu, angeshindwa. Kilichomuuma ni zile alasiri zote alizokuwa akiinama pale mezani, akiomba msamaha kwa kukosa, na yule mtu amemshika mtoto wake, anamtazama anavyoharibika na kumwambia aongeze. Fundi saa. Mtu ambaye mkono wake unashika skurubu ndogo kuliko punje ya ulezi na bisibisi haikabi. Alijua. Kila siku alijua.

Ijumaa aliomba nyungo zote za siku. Bi Mwanamkuu alisogeza kigoda chake akampisha kivulini. Mboni alirusha, akamwaga. Akarusha, akamwaga kidogo. Alifumba macho. Alijaribu kukumbuka ua wa Mikindani, na mama yake nyuma yake akimwambia auache ungo uende, utarudi, utaenda wapi. Vidole vilikuwa vinajifunga kabla hajaviambia. Alivifungua. Vikajifunga. Mchana, wapagazi walipokuwa wamelala juu ya magunia na soko limepunguza sauti, mchele ulipanda wote kwa pamoja, ukatulia hewani, ukashuka. Chuya zikabaki ukingoni, peke yao.

"Mkono umerudi," Bi Mwanamkuu alinong'ona. Kisha, kwa sauti ya kawaida: "Utamwambia?"

"Sijui, bibi."

"Mwambie. Mpige na kofi."

"Swaumu anampenda."

Bi Mwanamkuu alifikiri. "Basi mpige wakati Swaumu hayupo."

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Bushiri alikuwa amekipiga brashi kitambaa cha meza na kukipitishia pasi, na chumba kizima kilinuka sufu ya moto na kahawa. Swaumu alikuwa na usingizi na kisirani. Shadya alijaribu kumbeba, akalia. Bushiri alijaribu, akalia zaidi. Hakutaka mtu ila wawili, na hao wawili ndio waliokuwa wanacheza. Ikabidi iwe hivyo: anayepiga anapiga, asiyepiga anabeba mtoto. Akikosa, anapokea. Watu walicheka sana.

"Jamani, mashindano au kliniki?" mmoja akauliza.

Kila walipopokezana, mikono yao iligusana chini ya mgongo wa mtoto. Beno alinukia mafuta ya mashine na sabuni, kama siku zote. Mboni hakumtazama machoni, na Beno akadhani ni woga.

"Tulia, mdogo wangu. Cheza tu kama nilivyokufundisha."

Mwanzoni mkono ulimsaliti. Alilegeza vizuri wakati wa kurudisha fimbo nyuma, lakini mwishoni kabisa, pale pa kugusa, vidole viliruka na kukaba, na mpira ukaenda kombo. Beno akamwacha mbali. Kisha, mahali fulani katikati, akiwa ameacha kuhesabu, alisikia ule mlio. Ulikuwa mdogo na mkavu, mlio wa mchele unaotua kwenye ungo. Nyekundu ikaingia. Nyingine ikaingia. Beno, aliyekuwa akimbembeleza Swaumu dirishani, aliacha kuimba.

Nyekundu zikaisha, rangi zikafuata moja moja, mpaka mezani ikabaki nyeusi peke yake. Pointi zilikuwa zimekaribiana kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kuelezwa: wa kuiingiza hiyo ndiye anakwenda Mtwara. Beno alijaribu, akaikosa kwa unywele. Akapokea mtoto. Swaumu aliegemeza kichwa begani kwake akalala papo hapo.

Mboni aliizunguka meza. Nyeusi ilikuwa karibu na ukingo, ya kuguswa kwa pembeni tu, kwa wembamba. Kwa mkono wa chuma, mpira wa hivyo hauingii. Yeyote aliyewahi kushika fimbo alijua.

Aliinama. Akainuka tena.

"Kaka Beno."

"Naam."

"Nikaze, au nilegeze?"

Kuna waliocheka, wakidhani ni utani. Lilikuwa swali la kweli. Alilipanga tangu Alhamisi usiku, akalifuta, akalipanga tena. Kama Beno angesema legeza, Mboni angeyaacha yote palepale juu ya kitambaa. Angeikosa hata nyeusi na asiumie sana. Angerudi kibarazani akamwambia Bi Mwanamkuu kwamba mtu aliingiwa na hofu kidogo, akapotea, akarudi. Neno moja tu, na alikuwa nalo. Alilitoa kwa wengine bure.

Beno aliitazama nyeusi. Akamtazama Mboni. Mkono wake mkubwa ulikuwa umetandazwa juu ya mgongo wa Swaumu, ukipanda na kushuka na pumzi za mtoto.

"Kaza," alisema. Kwa sauti ileile, ya upole. "Kaza, mdogo wangu."

Shadya aliinua kichwa. Akakitazama kifundo cha mkono wake mwenyewe. Bushiri alikuwa anamimina kahawa, aliacha kumimina. Mmoja baada ya mwingine, watu wa ukumbi ule waliojua kucheza waligeuka kumtazama Beno, na Beno akawa hana pa kuangalia ila ukutani.

Mboni aliinama. Alipaacha pale kwenye kifundo pasinzie. Fimbo ilirudi nyuma na vidole vya mwisho vikafunguka kama vinavyofunguka mtu anapoaga, na ilipoondoka kwenda mbele hakuisaidia.

Nyeusi iliingia.

Hakuna aliyeshangilia. Bushiri alisema "Mboni," kwa sauti ya chini, kama anayeandika jina. Mtu mmoja ngazini akauliza nini kimetokea, wakamnyamazisha.

Aliilaza fimbo juu ya kitambaa, akaenda dirishani, akanyoosha mikono. Beno hakumpa mtoto mara moja.

"Mwache alale kidogo," alisema mwisho.

Mboni alimwingizia Swaumu mkono mmoja chini ya makalio, mwingine mgongoni, akamvuta kwake. Mtoto hakuja. Alikuwa amelala fofofo, lakini ngumi yake ilikuwa imeukamata ukosi wa shati la Beno, kwa nguvu zote za mtoto aliyelala mahali anapopaamini.

Mboni alianza na kidole kidogo. Akakifungua taratibu, asimwamshe. Akafungua cha pili. Walikuwa wamekaribiana sana, uso kwa uso. Alipofika cha tatu, kile cha kwanza kilikuwa kimeshajifunga tena.